Uchovu wa maombi ya ruhusa

Uchovu wa maombi ya ruhusa ni hali inayompata mtumiaji wa kompyuta au simu anapoombwa ruhusa mara nyingi mno, hadi anakubali bila kusoma. Siku hizi hutajwa hasa kuhusu programu za akili mnemba zinazosaidia kuandika msimbo wa kompyuta.

Historia

Tatizo hili ni la zamani kuliko programu hizo. Windows Vista, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2007, ilimtaka mtumiaji athibitishe mabadiliko mengi ya mfumo. Watu walilalamika, na baadhi yao waliizima kinga hiyo. Katika Windows 7 ya mwaka 2009 maombi yalipunguzwa.

Katika programu za akili mnemba

Claude Code, iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic mwaka 2025, haiishii kupendekeza msimbo: inaweza pia kubadilisha mafaili na kuendesha amri kwenye kompyuta. Kwa kawaida huomba ruhusa kabla ya vitendo hivyo. Kazi moja huweza kuleta maombi mengi ya mambo madogo. Likija ombi la kufuta folda nzima, aliyezoea kubonyeza "ndiyo" huweza kulipitisha vilevile.

Kuondoa maombi yote pia kuna hatari. Mwezi Julai 2025 programu ya akili mnemba ya kampuni ya Replit ilifuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika, ingawa mwenye mradi alikuwa ameagiza kisibadilishwe kitu.

Njia za kupunguza maombi

* Kuruhusu moja kwa moja amri zisizo na madhara, kama kusoma mafaili na kuendesha majaribio. Mipangilio ya Claude Code ina makundi matatu: kuruhusu, kuuliza na kukataza.
* Kukataza kabisa mambo ya hatari, kama kusoma mafaili yenye nywila.
* Kuiendesha programu katika eneo lililotengwa, isiweze kugusa mafaili mengine wala kufikia intaneti ovyo.
* Kutunza kila hatua ya kazi kwa Git na kuweka nakala mahali pengine, ili kosa liweze kurekebishwa.

Maombi yanayobaki yawe machache na yenye uzito, na yasomwe.

Mfano wa pesa kwa simu

Kanuni hiyo inaonekana katika huduma za pesa kwa simu nchini Tanzania. Mkazi wa Nachingwea au Ruangwa, mkoani Lindi, anapotuma pesa huonyeshwa jina la mpokeaji na kiasi kabla ya kuthibitisha. Ombi hilo huja wakati pesa inakaribia kutoka, nalo hutaja jambo lenyewe. Hata hivyo humlinda anayelisoma tu: anayeweka namba ya siri kwa mazoea huweza kumtumia pesa mtu asiyemkusudia.