Simu ya Upepo na Kufuli Zake

Pengine nyumbani kwako mna kile kisanduku cha intaneti chenye taa ndogo, ambacho watu hukiita ruta. Maneno yako hupita hewani kutoka simu yako mpaka kisanduku kile, wala hayakomi ukutani; jirani naye yamfikia. Basi, ni kitu gani kimzuiacho asiyasome? Kabla ya kujibu, yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia.

Guglielmo Marconi, Mtaliani, alijisifu kwamba simu yake ya upepo ni ya siri, maana kila chombo hutengenezwa kipokee wimbi lake peke yake. Mwezi Juni, mwaka 1903, mshauri wake, Profesa Fleming, aliwakusanya watu katika Royal Institution, London, awaonyeshe habari zikija kutoka Poldhu, pwani ya Cornwall. Kabla hazijafika, chombo kikaanza kugonga neno moja, "panya", mara nyingi, kisha mashairi ya kumdhihaki Marconi! Aliyeyapeleka ni Nevil Maskelyne, mfanya mazingaombwe, kwa mtambo uliokuwa karibu. Fleming alighadhibika, akaandika gazetini. Maskelyne akakiri bila haya: alitaka watu waujue ukweli.

Kosa lile lilirudi. Mwaka 1997 mafundi walitoa WEP, kufuli iliyoahidi usiri kama wa waya. Mwaka 2001 wataalamu Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha kasoro yake: ufunguo uliungwa na namba fupi iliyopita wazi hewani, hata mtu akikusanya ujumbe wa kutosha aliweza kuupata ufunguo wenyewe. Kufika mwaka 2007 kazi hiyo haikuchukua hata dakika moja. Ikaletwa WPA mwaka 2003, na WPA2 mwaka 2004. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef wa Ubelgiji alitangaza ufa katika WPA2, nao ukazibwa kwa marekebisho ya programu. Mwaka 2018 ikaja WPA3.

Twajifunza nini? Kufuli haiwi salama kwa sababu muuzaji amesema. Huwa salama kwa kujaribiwa, na kila ufa kuzibwa.

Basi leo, angalia ruta yako. Ikiwa yatumia WEP, iache. Chagua WPA3, au WPA2 kama vyombo vyako ni vya zamani. Maneno ya siri yaliyotoka kiwandani, lile la kuingilia intaneti na lile la kuitawala ruta, yabadili yote mawili, uweke marefu. Pokea marekebisho kila yatolewapo. Na ruta ambayo mtengenezaji ameacha kuirekebisha, nunua nyingine. Mtu akiingia kwako, aweza kutenda uovu ambao utaulizwa wewe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Je, Maskelyne alifanya vema au vibaya?
2. Nani katika nyumba yako anajua neno la siri, na lilibadilishwa lini?

Kwa heri mpaka somo lijalo.