Kitenzi Kishirikishi cha Kalemie na Somo la Kiingereza

Msemaji wa Kiswahili sanifu anapofika Kalemie na kusikia mtu akisema "niko mwalimu" au "yeye iko mugonjwa", aghalabu huhukumu papo hapo kwamba pana kosa. Katika Kiswahili sanifu, -ko huonyesha mahali: mtu yuko sokoni, lakini ni mwalimu. Hukumu hiyo, kwa maoni yetu, ni ya haraka mno, nayo humnyima mwanafunzi wa Kalemie msaada ambao usemi wake ungempa anapojifunza Kiingereza.

Kiswahili kilivuka Ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Mwaka 1883 Émile Storms alijenga kituo Mpala, kusini mwa Kalemie ya leo. Mwaka 1885 kikakabidhiwa Mapadri Weupe, nao wakaitumia lugha hiyo katika mafundisho yao. Reli ya kutoka Kabalo ilipofika ziwani mwaka 1915, mji huo, ulioitwa Albertville wakati huo, ukawakutanisha watu wa lugha nyingi bandarini na kazini. Katika mazingira ya namna hiyo Kiswahili kilipunguza maumbo. Kazi iliyogawanywa kwingine kati ya vishirikishi "ni" na -ko iliangukia kwa kiasi kikubwa -ko, ingawa "ni" haikutoweka. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili ilihusu Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja; Kongo haikuwamo. Basi kipimo tunachokitumia kulihukumu umbo la Kalemie hakikutungwa kwa ajili yake.

Sasa tukitazame Kiingereza. Kitenzi "be" hubeba utambulisho, sifa na mahali kwa pamoja, kama ifanyavyo -ko ya Kalemie. Mwanafunzi wa pwani hana budi kuunganisha alichozoea kukitenga. Mwenzake wa Kalemie amekwisha kuunganisha.

Tatizo kubwa zaidi limo katika vitenzi kama "smell", "taste" na "look", ambavyo mara hutaja tendo, mara huunganisha tu kiima na sifa yake. Kiswahili hutumia maneno tofauti: mpishi hunusa mchuzi, mchuzi hunukia, mtu hutazama, kitu huonekana. Umbo la kitenzi lenyewe hutangaza kazi yake. Kiingereza hakibadili umbo, kwa hiyo mwanafunzi lazima aipime sentensi nzima. Jaribio lifaalo ni kuweka "be" mahali pa kitenzi. "The soup smells good" huweza kuwa "The soup is good", na sentensi ikasimama, japo maana imepanuka kidogo. "The cook smells the soup" haikubali, kwani mpishi si mchuzi.

Tena, baada ya kishirikishi Kiingereza huweka kivumishi, ilhali sisi husema mchuzi "unanukia vizuri", kwa kielezi. Ndipo mwanafunzi huandika "smells well". Hapa Kifaransa, lugha ya elimu nchini Kongo, kina manufaa, maana nacho husema "sent bon", kwa kivumishi. Mwalimu wa Kalemie akianza na "niko mwalimu" na "niko sokoni", kisha akaongeza "sent bon", atakuwa amemfikisha mwanafunzi karibu kabisa na "smells good" kabla hajaandika kanuni yoyote ubaoni.