Ufuo Usio na Bamvua: Nyayo za Watu Kandokando ya Idjwi

Mengi yanayojulikana kuhusu madhara ya nyayo kwa viumbe wa ufukweni yametoka penye maji kupwa na kujaa. Huko New Zealand, watafiti Schiel na Taylor waliripoti mwaka 1999 kuwa kukanyaga mara 10 tu kulipunguza kwa robo mwani wa Hormosira uliofunika mwamba. Kwa mara 200, karibu wote ulitoweka. Kwenye ghuba ya Chwaka, Unguja, Eklöf na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba penye mashamba ya mwani nyasi za bahari ni haba na wanyama wadogo wa mchangani ni wachache. Nyayo za wakulima ni sababu mojawapo tu. Kivuli cha mwani na nyasi kung'olewa navyo vimo.

Je, matokeo hayo yanafaa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu nchini Kongo? Kwa sehemu tu.

Ziwa Kivu halipwi wala halijai kama bahari. Maji yake hufuata majira ya mvua, na tangu mwisho wa miaka ya 1950 bwawa la mto Ruzizi, utokao ziwani, nalo limetia mkono. Mchokoa pweza wa Paje, Unguja, husubiri bamvua, kisha maji humfukuza na mwamba hufunikwa hadi kupwa kwingine. Idjwi hafukuzwi mtu. Wachota maji na bidoni zao, wafuaji nguo, mbuzi wenye kiu, watoto waogao (ziwa hili halina mamba wala kiboko, kwa hiyo hata woga hauwazuii), wote hukanyaga ukanda uleule kutwa nzima.

Na ukanda wenyewe ni mwembamba. Miteremko ya kisiwa huzama upesi katika ziwa lenye kina cha mita 485 hivi, ambalo chini ya mita 60 au 70 halina oksijeni. Kiumbe anayehitaji sakafu ya kuishi hana pengine pa kwenda. Hapo pembeni ndipo majike wa haplokromisi, samaki ambao Kivu ina aina takriban 15 zisizopatikana kwingine, huatamia mayai mdomoni. Hapo pia hukulia makinda ya sambaza, samaki aliyeletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959 na ambaye leo hulisha miji ya Bukavu na Goma. Anayeburuta mtumbwi juu ya matete huharibu mahali pa malezi ya samaki atakaowavua mwenyewe.

Wapo watakaopendekeza kufunga ufuo, kama miamba ya Chumbe, Zanzibar, ilivyofungwa mwaka 1994. Lakini Chumbe haina kijiji. Idjwi ina zaidi ya watu laki mbili, na ziwa ndilo kisima chao. Lililo jepesi zaidi ni kupandisha maji ya bomba hadi vijijini, na kukusanya mitumbwi kwenye bandari ndogo chache. Bandari hizo zitakanyagwa zaidi ya sasa na viumbe wake watapungua. Hasara hiyo inakubalika, mradi wavuvi, wanawake wachotao maji na mamlaka za mwami, chifu wa jadi, wakae pamoja kuchagua ni ufuo upi utakaoibeba.