Mpiga dawa kati ya Njoro na Nakuru

Chuo Kikuu cha Egerton kinafundisha kilimo Njoro, na udaktari na uuguzi mjini Nakuru. Kutoka bewa moja hadi jingine ni safari ya matatu isiyofika saa moja, na njiani kuna ngano, mahindi na viazi. Ndani ya mashamba hayo, hasa mvua zikishanyesha na ukungu wa viazi ukianza kutafuna majani, utamwona mtu amebeba pampu mgongoni. Wasomi wa Njoro wanaijua dawa iliyo ndani ya pampu hiyo: jina lake, kipimo chake na mdudu au ukungu inaoulenga. Wa Nakuru wanajua inavyomfanya mtu ikimwingia. Mpiga dawa mwenyewe, aliye katikati, kwa miaka mingi hakufunzwa na yeyote kati yao.

Si kwamba alisahauliwa kwa bahati mbaya. Egerton ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, baada ya Lord Maurice Egerton wa Tatton kutoa ekari 740 za ardhi yake. Wanafunzi wake walikuwa vijana wa Kizungu waliokuwa wakiandaliwa kuwa wenye mashamba. Walifundishwa udongo, mifugo na hesabu za shamba. Kibarua alionekana katika hesabu hizo kama gharama, na aliyemfundisha kazi alikuwa nyapara. Inasimuliwa hadi leo kwamba mwenye shule hakutaka kumwona mwanamke akikanyaga kwake. Angepata taabu kuamini kwamba sehemu kubwa ya wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha leo ni wanawake.

Mwaka 1955 shule hiyo ikawa Egerton Agricultural College, na muda mfupi baada ya mwaka 1958, ambao Lord Egerton alitoa ekari nyingine 1,100 kisha akafariki, milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Hapo ndipo alipozaliwa bwana shamba tunayemkumbuka, kijana mwenye diploma anayefika kwa mkulima na mbegu mpya, mbolea mpya na dawa mpya. Alifanya kazi kubwa, na asiyekubali hilo aulize wazee wa Bahati na Subukia. Ila kazi yake ilipimwa kwa magunia. Hakuna aliyemtaka aripoti ni watu wangapi walirudi nyumbani wakitapika.

Sheria nayo ilikuwa ikitazama upande mwingine. Sheria ya kwanza ya usalama kazini nchini, Factories Ordinance ya mwaka 1950, ilianza kutumika mwaka 1951 na ilifuata kwa karibu ile ya Uingereza ya mwaka 1937. Iliwaza mikanda ya mashine, boila na magurudumu yanayonasa vidole. Kwa mji wa reli na vinu vya unga kama Nakuru ilikuwa na maana, na kiwanda cha betri cha Eveready kilipofunguliwa mwaka 1967, mkaguzi alikuwa na mlango wa kubisha. Shamba halikuwa kiwanda. Mtu aliyesaga ngano alilindwa na sheria. Aliyeinyunyizia dawa ikiwa shambani hakulindwa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1990 ndipo sheria hiyo ipanuliwe na kuitwa ya viwanda na mahali pengine pa kazi.

Katika miaka hiyo ya kungoja, dawa zenyewe zilibadilika. Nakuru ilikuwa makao ya Bodi ya Pareto, na Kenya iliwahi kuwa mzalishaji mkuu duniani wa ua hilo jeupe ambalo sumu yake humwua mdudu upesi na kuoza upesi juani. Kisha zikaja sumu za kutengenezwa viwandani, zikiwemo za jamii ya oganofosfeti na kabameti. Hizi humwua mdudu kwa kuzima kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho kazi yake ni kunyamazisha mishipa ya fahamu ikishatuma ujumbe. Ubaya ni kwamba mwanadamu anacho kimeng'enya hichohicho. Kikizimwa, mishipa inapiga kelele bila kukoma: mate, jasho, mboni za macho kusinyaa, misuli kutetemeka, kifua kubana. Dozi ikiwa ndogo, mtu huhisi kichwa kinamuuma na mwili umechoka, akasema ni jua, au ni malaria.

Hayo yote yalikutana Naivasha. Maua ya kuuza nje yalianza na kampuni moja ya Kidenmaki kuelekea mwaka 1970. Oserian ikaingia mwaka 1982, na baada ya hapo kingo za ziwa zikajaa grinhausi. Waridi linaloenda mnadani Uholanzi halitakiwi kuwa na mdudu hata mmoja, na ndani ya grinhausi hewa haina pa kwenda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Grace Ohayo-Mitoko wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na wenzake, baadhi yao Waholanzi, walifanya jambo ambalo hadi wakati huo lilikuwa nadra sana nchini: waliwaachia wakulima magunia yao, wakapima damu ya wafanyakazi. Walichagua sehemu nne: maua ya Naivasha, mboga za Wundanyi, pamba ya Homa Bay na tumbaku ya Migori. Walikuwa watu 666, wakiwemo 390 waliokuwa wakigusana na dawa na 276 wasiogusana nazo. Kila mmoja alipimwa katika kipindi kisicho cha dawa, kisha akapimwa tena dawa zikiwa zimepamba moto. Kwa wasiogusa dawa, kimeng'enya kile kilishuka kwa asilimia 4 tu. Kwa waliogusa kilishuka kwa wastani wa asilimia 33. Migori ndiyo iliyoumia kidogo zaidi, asilimia 26. Iliyoumia kuliko zote, kwa asilimia 36, ilikuwa Naivasha.

Takwimu hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa mara mbili. Mkulima wa pamba wa Homa Bay alikuwa mbali na maarifa, na madhara yake yanaelezeka. Naivasha ilikuwa na mashamba makubwa, mitaji ya nje, mameneja waliosomea kilimo na stoo za dawa zenye kufuli. Elimu ilikuwepo, tena nyingi. Ilikuwa elimu ya ua.

Utafiti ule, uliochapishwa mwaka 1997, ulihitaji mtu wa maabara, mtu wa takwimu, mtu wa afya ya umma na mtu anayezijua dawa za shambani, wote mezani pamoja. Vyuo vyetu vilikuwa bado havijazoea kuwakalisha hivyo. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilikuwa karibu zaidi kufanya hivyo. Shule yake ya udaktari ilipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1990, iliweka katika masomo mpango wa COBES, unaowapeleka wanafunzi kuishi na kujifunza katika vituo vya afya vya vijijini. Daktari wa Moi alihitimu akiwa amekiona choo cha kijiji na kisima chake. Egerton, iliyokuwa chuo kikuu kamili tangu mwaka 1987 na yenye idara ya elimu ya ugani inayoheshimika, haikuwa na kitivo cha udaktari hadi miaka ya 2000. Kwa hiyo kwa muda mrefu Bonde la Ufa lilikuwa na chuo kimoja kinachojua kumfikia mkulima, na kingine kinachojua kumfikia mgonjwa.

Pengo hilo lilizibwa na wauzaji. Mwaka 1991 chama cha kimataifa cha watengenezaji wa dawa za kilimo kilianzisha mradi wa majaribio wa matumizi salama katika nchi tatu: Guatemala, Thailand na Kenya. Maelfu kwa maelfu ya wakulima wa Kenya walifundishwa kusoma lebo, kuvaa ovaroli, gambuti, glavu na barakoa, na kutozibua pua ya pampu kwa mdomo. Sitaudharau mradi huo. Kuna watu wanaopumua leo kwa sababu ya somo la lebo. Hata hivyo, mwuzaji wa sumu hatakuwa mwalimu wa kwanza kukuambia usiinunue. Wataalamu wa afya kazini huanza kwa kuuliza kama sumu inaweza kuondolewa au kubadilishwa na nyingine nafuu, na vazi la kujikinga huja mwisho kabisa. Katika mafunzo yale vazi lilikuja mwanzo, na mzigo wote ukamkalia kibarua. Avae ovaroli la plastiki katika joto la grinhausi, na akiugua, basi hakuvaa vizuri. Bado kuna mashamba ambako mpiga dawa hupewa pakiti ya maziwa akimaliza kazi, ati yasafishe sumu. Maziwa ni chakula kizuri; kwa kimeng'enya kilichozimwa hayafanyi lolote.

Mageuzi ya Naivasha yaliletwa zaidi na wanunuzi na kelele kuliko na darasa. Baraza la Maua la Kenya liliundwa mwaka 1996 na kuandika kanuni za maadili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaharakati wa haki za wafanyakazi, hapa na Ulaya, waliwabana wakulima wa maua, na chama cha wafanyakazi wa mashamba, ambacho makao yake yako Nakuru, kikapata hoja mezani. Mwaka 2007 Bunge likapitisha sheria mbili, moja ya usalama na afya kazini na nyingine ya fidia ya majeraha ya kazi. Sasa kila mahali pa kazi panahesabika, na penye watu 20 au zaidi ni lazima kuwe na kamati ya usalama. Lakini dawa ya kabameti iitwayo Furadan, ambayo vibarua waliishika kwa miaka, ilianza kuondolewa madukani na mtengenezaji wake mwaka 2009, baada ya televisheni ya Marekani kuonyesha simba wa Kenya waliouawa nayo. Nawapenda simba. Najiuliza tu televisheni hiyo ingekuja lini kwa ajili ya mpiga dawa.

Leo mtu anaweza kusoma hadi shahada ya uzamili ya usalama na afya kazini, mathalan katika chuo kikuu cha JKUAT, na soko lake lipo: mitambo ya mvuke ya Olkaria iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1981 na gesi yake yenye harufu ya mayai yaliyooza, machimbo ya Kariandusi na vumbi lake jeupe, mashamba makubwa yenye kamati na ukaguzi wa kila mwaka. Asiyefikiwa ni kibarua wa Molo, Kuresoi na Mau Narok, anayepigia dawa viazi vya watu watatu kwa siku na kulipwa kwa pampu. Hana wenzake 20 wa kuunda kamati. Kipimo chake ni kifuniko cha chupa, na mshauri wake ni muuza agroveti.

Katiba ya 2010 ilimgawanya kibarua huyu zaidi. Ugani wa kilimo na afya ya msingi vilienda kwa kaunti. Ukaguzi wa usalama kazini ulibaki kwa serikali kuu, katika wizara ya kazi. Usajili wa dawa pia ulibaki huko, lakini chini ya wizara ya kilimo. Kila ofisi ina kipande chake.

Hata hivyo, mgawanyo huo umeacha vipande viwili mikononi mwa mwajiri mmoja. Septemba 2023 serikali ilianza kuwagawia wahudumu wa afya wa kijamii, zaidi ya 100,000 nchini kote, mikoba yenye mashine ya presha, ya sukari na kipimajoto. Wanatembea boma kwa boma, na hukutana na mpiga dawa jioni ileile anayolalamika kichwa. Kumfundisha mhudumu huyo aulize, "Leo umepiga dawa gani?" kabla ya kuwazia malaria hakuhitaji kifaa cha kuongezwa mkobani. Naye, kama afisa wa ugani, anafanya kazi chini ya kaunti, kwa hiyo Nakuru inaweza kuwaketisha wawili hao darasa moja bila kungoja barua kutoka Nairobi.