Deheni, Rangi na Msasa: Maneno ya Kusafisha Chini ya Chombo

Miongoni mwa maswali ambayo wafasiri hutuletea, limo moja ambalo kwa sura yake laonekana jepesi: litumike neno gani kwa kazi ya kuondoa rangi kuukuu chini ya mashua kabla ya kupaka mpya? Aliyetuuliza mara ya mwisho alikuwa na kijitabu cha maelezo mkononi, naye alikwisha kuandika "choma, kisha kwangua", kwa kuwa ndivyo alivyowasikia mafundi wa kwao pwani wakisema. Maneno hayo ni fasaha, tena ni ya asili. Hata hivyo, fundi ambaye angeyafuata kwa chombo kilichopakwa rangi ya dukani angevuta moshi wa sumu. Kwa ajili hiyo tumeona yafaa tueleze maneno haya yalikotoka na kazi yalizozaliwa nazo.

Kabla ya misumari kuenea, vyombo vingi vya Bahari ya Hindi vilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na mtepe wetu ulikuwa mmoja wao. Mbao zilizoshonwa huhitaji mafuta. Msafiri Ibn Jubayr, aliyepita katika bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1183, alieleza jinsi vyombo vya huko vilivyopakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na akayasifu ya papa kuliko yote. Mafuta hayo ya ini la papa ndiyo ambayo Waswahili huyaita sifa. Mwanafunzi wa bara akisoma kwamba jahazi "lilipakwa sifa" hudhani kuwa lilitungiwa shairi. Tusimcheke, kwani ni wachache mno siku hizi waliowahi kuinusa.

Sifa hupakwa mbao za juu. Mbao zikaazo majini zina kinga yake nyingine, nayo ni deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Neno hili limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupaka mafuta, na Kiswahili kililifanya jina na kitenzi pia: deheni hutiwa, na chombo hudeheniwa. Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Chombo kilipandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yakakupwa, kikakaa juu ya mchanga kikiegemea magadi. Kisha mafundi waliwasha makuti makavu wakapitisha moto chini, ubavu kwa ubavu, ili kuua dudu litoboalo mbao na kukausha mwani. Baada ya hapo walikwangua magamba na masalio ya deheni ya zamani, wakakalafati palipoachia, ndipo wakadeheni upya kwa viganja vya mikono. Msomaji na azingatie hapo: kwa viganja. Chokaa na shahamu hazikuwa na sumu ya kumwogopesha mtu. Shahamu iliyoungua ilinuka, basi.

Kwa hiyo "kuchoma" katika lugha ya mafundi hakukuwa kuharibu, bali kulikuwa namna ya kusafisha. Neno na kazi vililingana barabara, mradi kilichokuwa juu ya ubao kilikuwa ni deheni.

Huko Ulaya mambo yalishika njia nyingine. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika manowari yake iitwayo Alarm kwa mabamba ya shaba, na ilionekana wazi kwamba viumbe wa baharini hawaipendi shaba. Lakini ilionekana pia kwamba misumari ya chuma iliyogusana na shaba ndani ya maji ya chumvi huliwa upesi, na ilichukua miaka mingi kabla ya kasoro hiyo kupatiwa dawa. Katika karne ya 19 zilipokuja meli za chuma, mabamba ya shaba hayakuweza kuwekwa juu yake kwa sababu hiyohiyo. Ndipo wataalamu walipotia sumu, hasa ya shaba, ndani ya rangi yenyewe, na rangi ikawa silaha badala ya pambo.

Katika miaka ya 1960 ilizuka rangi kali zaidi, yenye tributiltini, ambayo ni sumu itokanayo na madini ya bati. (Mfasiri na ajihadhari asiandike "rangi ya bati", kwani msomaji atadhani inasemwa habari ya paa la nyumba.) Rangi hii ilifanya kazi vizuri kupita kiasi. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza walianza kuota magamba manene yasiyo na umbo na mazao yao yakaanguka, hata serikali ya nchi hiyo ikaipiga marufuku kwa mashua ndogo mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa ulipitishwa London mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008. Mkataba huo uliruhusu rangi ya zamani yenye sumu hiyo isiondolewe, mradi ifunikwe kwa tabaka lisilopenyeza. Maana yake ni kwamba katika chombo cha zamani, fundi anayekwangua hajui atakutana na nini akifika chini.

Turudi sasa kwenye maneno. Wako wenzetu wasemao kwamba rangi ya kuzuia viumbe iitwe deheni, kwa kuwa kazi ni ileile, na kwa kuwa katika Kiarabu mzizi huohuo huzaa pia neno lenye maana ya rangi. Hoja hiyo ina uzito, nasi tunapenda neno la kale lipate maisha mapya. Lakini hatukubaliani nayo. Aliyezoea deheni ameizoea kwa viganja na kwa moto, na jina hubeba desturi zake. Ibaki deheni kuwa ya chokaa na shahamu, nayo hii iitwe rangi ya sumu ya chini ya maji. Ni jina refu, twakiri, lakini linamwonya mtu kabla hajafungua kopo.

Kadhalika msasa. Asili yake ni mti ambao majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka, na maseremala waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi yenye changa ilipoletwa ikarithi jina. Baadaye hata watumishi wa ofisi walianza "kupigwa msasa" katika semina. Lakini kwa rangi hii, kupiga msasa pasipo maji ni kurusha vumbi la sumu puani. Mafundi wa gereji wanalo tayari neno msasa wa maji, nalo lichukuliwe kama lilivyo. Kukwangua kubaki kwa kazi ya chuma chenye makali, na kubandua kwa rangi iliyokwisha kuachia yenyewe.

Tulimshauri mfasiri wetu aandike hivi: "Tandika turubai, vaa barakoa, lowesha, kisha kwangua matabaka yote ya rangi, malizia kwa msasa wa maji. Usichome. Kusanya makwanguo yote kabla maji hayajajaa." Katika kitabu cha asili neno "usichome" halimo, kwa kuwa mwandishi wake hakuwahi kuona makuti yakiwashwa chini ya jahazi. Baadhi yetu walishikilia kwamba mfasiri hana ruhusa ya kuongeza amri ambayo mwenye kitabu hakuitoa. Tulibishana hadi jioni, na mwishowe neno likaachwa mahali pake, likitiwa alama ya kuonyesha kuwa ni la mfasiri.