Pumu Rungwe: Usiache inhela ya kahawia hata ukijisikia nafuu

Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, inajulikana kwa chai, ndizi, mvua na ukungu. Kwa mwenye pumu, baridi ya Juni na Julai pamoja na moshi wa kuni jikoni vinatosha kufanya kifua kibane.

Tiba kuu ni dawa ya kuvuta, yaani inhela. Mpulizo mmoja wa salbutamol una maikrogramu 100 tu, wakati kidonge kina miligramu 2 au 4. Inhela inapeleka dawa moja kwa moja kwenye njia za hewa, ndiyo maana haileti sana kutetemeka na moyo kwenda mbio kama vidonge.

Bluu na kahawia

Mara nyingi inhela ya bluu ni salbutamol. Inafungua njia za hewa ndani ya dakika chache, na nguvu yake hudumu saa 4 hadi 6. Haitibu uvimbe wa ndani.

Ya kahawia kwa kawaida ina steroidi. Ndiyo inayotuliza uvimbe, lakini taratibu, kwa siku hadi wiki kadhaa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: hawaoni nafuu ya haraka, au kifua kikitulia wanaiacha. Uvimbe unarudi kimya kimya mpaka siku ya baridi kali.

Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri kutumia salbutamol peke yake. Ukimaliza inhela 3 au zaidi za bluu kwa mwaka, hatari ya kubanwa vibaya inaongezeka. Zikifika 12, hatari ya kifo nayo inapanda.

Hesabu dozi

Inhela nyingi zina mipulizo 200. Ukiandikiwa 2 asubuhi na 2 jioni, itakwisha baada ya siku 50. Andika tarehe ya kuanza kwenye boksi, ununue nyingine mapema.

Namna ya kuvuta

Tikisa, toa pumzi, bonyeza huku ukivuta polepole, kisha zuia pumzi sekunde 10. Ukitumia ya kahawia, sukutua mdomo na uteme maji, usije ukapata fangasi.

Mtoto anashindwa? Utafiti wa Cape Town wa 1999 ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili inhela iingie, inafanya kazi vizuri kama kifaa cha dukani. Omba mhudumu wa afya akuonyeshe.

Usisubiri asubuhi

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au ya bluu isiposaidia, mpeleke hospitali iliyo karibu, kama Makandana mjini Tukuyu au Igogwe. Njiani aendelee kuvuta ya bluu.