Freakazoid: shujaa aliyezaliwa na hitilafu ya chipu

Leo naacha kidogo mambo ya kuandika programu niwape hadithi ya katuni, ingawa mtaona sijaenda mbali na kompyuta.

Katuni yenyewe ni Freakazoid! (hiyo alama ya mshangao ni sehemu ya jina). Ilianza kuonyeshwa Marekani Jumamosi tarehe 9 Septemba 1995, siku ile ile Kids' WB, kitengo cha watoto cha mtandao wa runinga wa WB, kilipoanza kazi. Enzi hizo Jumamosi asubuhi kule ilikuwa ya katuni tupu.

Kuna kijana mpole wa Washington, D.C., Dexter Douglas, habanduki kwenye kompyuta yake. Anaiwekea chipu mpya iitwayo Pinnacle. Paka wake anapita juu ya kibodi na kubonyeza vitufe ovyo, Dexter naye anabonyeza kitufe cha kufuta, na hapo chipu inamvuta ndani. Anameza habari zote zilizoko kwenye intaneti, kisha anatoka akiwa kichaa mwenye ngozi ya samawati, nguo nyekundu na nguvu za ajabu.

Mtoto atacheka na kupita. Lakini mtu aliyekuwa akifuata habari za kompyuta miaka ile alijua nani anachokozwa.

Mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely wa Chuo cha Lynchburg, jimbo la Virginia, alikuwa akifanya hesabu za nambari tasa akaona majibu hayalingani. Alichuja sababu moja baada ya nyingine, mwishowe akabaki na prosesa yenyewe, Pentium ya Intel. Jaribuni kugawanya 4195835 kwa 3145727. Jibu ni 1.33382 na kitu, ila Pentium ile ilitoa 1.33374. Ili kugawanya haraka, chipu ilikuwa ikisoma tarakimu kutoka kwenye jedwali lililochongwa ndani yake, na kati ya nafasi 1,066 zilizotakiwa kujazwa, tano ziliachwa tupu. Tano tu! Kila mwandika programu akisoma hapo anashika kichwa, maana ni kosa ambalo yeyote kati yetu angeweza kulifanya Ijumaa jioni.

Aibu zaidi ni kwamba Intel walikuwa wameshalijua kosa hilo kabla Nicely hajatuma barua pepe yake kwa wenzake tarehe 30 Oktoba 1994. Walipobanwa walisema mtumiaji wa kawaida wa lahajedwali angekutana nalo mara moja katika miaka 27,000, na kwamba anayetaka chipu nyingine athibitishe kwanza kuwa anaihitaji. IBM wakapiga hesabu zao wakasema ni kila siku 24. Tarehe 20 Desemba Intel walisalimu amri na kukubali kumbadilishia yeyote anayetaka. Gharama waliyotangaza ilikuwa dola milioni 475.

Haikupita miezi tisa, katuni ikaingia hewani. Ndani yake mwenye kiwanda cha Pinnacle, tajiri aliyepewa sauti na Ricardo Montalbán, anaijua hitilafu ya chipu yake, na badala ya kuirekebisha anataka kuitumia ajipatie nguvu. Kwa maoni yangu hicho ndicho kichekesho kikali kuliko vyote mle, nacho kiliwekwa mbele ya watoto wakinywa chai.

Haikukusudiwa kuwa vichekesho namna hiyo. Bruce Timm na Paul Dini, waliotoka kutengeneza katuni ya Batman, walikuwa na wazo la shujaa wa kawaida mwenye utani kidogo. Steven Spielberg, mtayarishaji mkuu, alitaka kicheko zaidi na zaidi. Timm akajiondoa, Tom Ruegger akaingia na kundi lake la Animaniacs, na Paul Rugg, mwandishi, akajikuta ndiye sauti ya shujaa. Kutokana na hapo ilikuwa fujo tupu: shujaa anakimbia mikono ameinyoosha akijifanya anaruka, hadithi inakatwa katikati, na Sajini Cosgrove (sauti ya Ed Asner) anamkuta katikati ya vita akimwalika watoke wakatembee. Naye anakwenda!

Waliopenda mzaha huo hawakuwa wale kituo kilichowataka. Matangazo yalilenga watoto wadogo, ilhali waliokuwa wakicheka ni kaka zao wakubwa. Saa za kuonyeshwa nazo zikawa zinahamishwa hamishwa. Mwaka 1997 ikaisha ikiwa na vipindi 24 pekee, Cartoon Network wakaendelea kuirudia, na diski za DVD zikatoka 2008 na 2009.

Mwezi Novemba 2020 Freakazoid alirudi mara moja kama mgeni katika Teen Titans Go!, kwa sauti ya Rugg yule yule. Asner naye alirudi kuwa Cosgrove, miezi michache kabla ya kufariki Agosti 2021.